Maji Matano

Andalio la somo lina safu sita.
Nimelinakili mara tatu:
utangulizi dakika tano, jaribio kumi na tano,
na safu ya mwisho, tathmini, bado nyeupe
kama dirisha la basi asubuhi hii ya Januari,
Erdenet, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Wino uliganda. Nikaibana kalamu kwapani
kama mtu anayepimwa homa.

Mwalimu Dulamsuren ameketi nyuma kabisa,
karibu na bomba la joto, viatu amevivua,
daftari wazi pajani.
Jana aliniambia, "Munkhzul, usiwaambie kitu
ambacho macho yao yanaweza kuwaambia."
Nikaitikia. Kisha usiku kucha
nikaandika yote nitakayowaambia.

Wanafunzi thelathini na wanane. Nusu yao
baba zao huchimba shaba katika lile shimo
tunaloliona dirishani likifuka mvuke,
kama baba yangu, aliyerudi nyumbani miaka yote
na vumbi la kijani kwenye mikunjo ya shingo
na hakuwahi kuliita kemia.
Aliliita mshahara.

Kiberiti cha kwanza kikafa. Cha pili kikafa.
Nyuma mtu akacheka puani.
"Fuwele hizi ni salfeti ya shaba, zina maji ndani,"
nikasema, nikaisikia sauti yangu ikikimbia
kama mtoto aliyetumwa dukani
akirudia-rudia asije akasahau:
moli, moli, masi ya molekuli, maji matano.
Nikaugeukia ubao, nikaandika mlinganyo,
nikarudi nyuma hatua moja. Kuna kitu hakikukaa sawa.
Nikakitafuta mbele ya macho sabini na sita
(hofu inajua hesabu kuliko mimi)
na aliyekiona ni Tergel wa dawati la mwisho,
ambaye orodha niliyopewa ilisema: mtoro, msumbufu.
"Mwalimu, kushoto maji matano, kulia manne.
Moja umelimwagia wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Nami, sijui kwa nini,
nikacheka pia,
na kitu kikalegea hapa, chini ya koo.
Nikaweka chaki.

Nikanyamaza.

Neli juu ya moto. Buluu ikaanza kupauka
kuanzia ukingoni, polepole,
kama shuka lililoanikwa juani miaka mingi,
na matone yakatokea juu, kwenye kioo,
mahali ambapo hakuna aliyeyamimina.
Anungoo akasimama bila ruhusa.
Mwingine akapanda kiti.
Nilikuwa na sentensi tayari, nzuri, yenye vituo;
nikaimeza kama kidonge kichungu.

Unga mweupe. Tukaungoja upoe.
Nikampa Tergel pipeti.
Tone moja, na buluu ikarudi hapo hapo,
neli ikapata moto kati ya vidole vyake,
akaruka: "Inachoma! Maji ni baridi, mbona inachoma?"

Jibu nilikuwa nalo, ukurasa wa sitini na mbili.
Kengele ikanitangulia,
nao wakatoka wakibishana korido nzima
kuhusu lile joto, lilikuwa limejificha wapi.

Mwalimu Dulamsuren alivaa viatu bila haraka.
Daftari lake nililisoma kichwa chini, miguu juu:
Amechelewa kuanza. Miwani ya kinga imesahaulika.
Moli: arudie.
Kisha akanitazama juu ya lenzi zake.
"Na wewe, jibu unalijua,
au unaujua ukurasa?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Nimelibeba swali hilo basini, nimelipandisha ngazi
orofa tano, lifti mbovu tangu vuli.
Baba alikuwa akinawa shingo.
Nikamsimulia yote: kiberiti, maji lililopotea,
Tergel, ule unga, lile tone.
Akasikiliza, taulo begani, mpaka mwisho,
akauliza jambo moja tu:
"Mlivaa miwani?"