Mafahali Wawili, Zizi Moja

Ofisi yetu iko Nkuhungu, juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
chumba kimoja, dirisha moja lisilofungika vizuri,
na mwezi wa saba upepo huingia na vumbi lake jekundu
kama mpangaji mwenye ufunguo wake.

Kioo kimoja hakikutosha.
Ramani ikifunguka, orodha ya majina inajificha;
ukiyaita majina, viwanja vinatoweka,
nami siku nzima napekua huku na huku
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Ndipo Lechipya akaja na kadi ya pili ya picha,
ameing'oa kwenye mashine iliyofia Makole,
ameifunga ndani ya gazeti la Jumapili.
Akailaza kompyuta ubavu, akaifungua,
akapuliza. Tukakohoa wote wawili.
"Hizi hazikuzaliwa nyumba moja," akasema.
"Kila moja ina dereva wake. Tuone kama watapishana."

Mafahali wawili, nikamwambia.

"Zizi ni moja," akajibu, bisibisi mdomoni,
"lakini kila mmoja na kamba yake."

Mara ya kwanza, giza pande zote.
Mara ya pili, kushoto kukaamka, kulia kukalala fofofo.
Mara ya tatu umeme ukakatika. Tukala karanga za Kibaigwa
tukiisikiliza feni ikimalizia mzunguko wake wa mwisho.
Za baadaye sikuzihesabu.

Saa kumi na moja jioni, kulia kukafumbua jicho:
mstari mweupe, kisha anga tupu la buluu.
Nikashika kipanya, nikausukuma mshale taratibu
mpaka ukingoni mwa kioo cha kwanza,
pale ambapo miaka yote ulikuwa ukigonga ukuta.
Haukugonga.
Ulitoweka upande huu ukatokea upande ule,
kama mbuzi aliyepenya ua wa miiba
akasimama ng'ambo, anakutazama, anatafuna.

Lechipya akacheka, akapokea elfu ishirini na tano yake,
akashuka ngazi akipiga mluzi.

Nikabaki na kazi.
Nikafungua Nzuguni, kitalu cha nane,
picha iliyopigwa kutoka angani mwezi wa tatu,
nikaivuta mpaka ikalala juu ya vioo vyote viwili.
Na pale katikati, fremu za plastiki zilipokutana
zikakata kama mfereji,
palikuwa na shamba la uwele la mama yangu.

Kadi ya kushoto, ile kongwe, iliuona uwele kijani kibichi,
utadhani mvua imenyesha jana.
Kadi ya kulia iliuona kijivu,
rangi ya udongo uliokwisha kupigwa namba.
Picha ni moja. Mashine ni moja.
Nikapandisha mwanga, nikashusha, nikapandisha tena.
Hazikukubaliana.
Hata kichuguu cha nyuma ya nyumba,
ambacho mama hukitaja kila akionyesha mpaka wake,
nusu kilikuwa huku, nusu kule,
na katikati yake upana wa vidole viwili
ambao hakuna kadi iliyouona.

Pembeni, orodha ilisubiri:
kiwanja namba 214, mita za mraba mia sita,
mmiliki,
halafu kisanduku kitupu, na kijistari kinapepesa,
kinapepesa.

Akapiga simu saa moja usiku.
Umekula?
Nimekula, nikadanganya.
Na kazi?
Leo nimepata kioo cha pili, mama.
"He! Unaangalia nini humo hata kimoja kisikutoshe?"

Chini mtu alikuwa anajaribu injini, anaipandisha, anaiachia.
Vumbi lilikwishatua juu ya vioo vyote viwili, bila upendeleo.
Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia.
Uwele, nikasema. Naangalia uwele.

Akanyamaza kidogo.
"Umeiva?"