Kitanzi cha Chini

Kibaraza changu kiko Barabara ya Mawenzi, Moshi:
mashine ya kukanyaga, benchi la mteja,
na kazi ya halmashauri, bendera arobaini
kabla ya tarehe tisa Disemba.
Kijani, njano, nyeusi, njano, buluu.
Nimezishona mpaka sizioni tena,
kama mtu asivyouona mlango wa nyumba yake
hadi siku apoteze ufunguo.

Salka alikuja saa nne, viatu vina vumbi la stendi.
Kiswahili chake cha miaka minne Dodoma,
"h" zikitokea mbali kooni.
Mkutano wao Arusha ulikuwa umekwisha, akashuka kuuona mlima,
na mlima, siku ya tatu hiyo, umejifunika gubigubi.
"Upo," nikamwambia. "Hauna pa kwenda."
"Bibi yangu husema hivyo hivyo juu ya nchi yetu,
na nyumbani kwetu ni yeye wa mwisho aliyeiona."

Akaichora nyuma ya risiti:
nyeusi juu, nyeupe kati, kijani chini,
pembetatu nyekundu, mwezi na nyota.
"Nchi gani hii?"
"Sahara Magharibi."
Nikaitafuta katika ramani ya darasa la tano,
nikakuta mahali pa mistari ya nukta nukta
ambapo Mwalimu Ndewirwa alipitisha fimbo haraka,
kama apitaye dirishani pa wanandoa wanaogombana.

Nikamweleza habari zetu, kwa majivuno kidogo:
mpaka wetu nao aliuchora mgeni kwa rula
tangu ziwani, ukafika hapa ukapinda,
ukauzunguka mlima, ukashika njia ya baharini.
Lakini ulipokwisha kuchorwa, ukalala.
Shemeji yangu wa Holili analima upande huu,
sukari ananunua ule.

"Kwetu ni ukuta wa mchanga," akasema,
"na mabomu chini yake, na askari wa zamu.
Mama alizaliwa ng'ambo. Mimi kambini.
Kambi tumezipa majina ya miji tuliyoiacha,
ili mtoto akitumwa chumvi
ajue anatoka wapi."

Hapo nikanyamaza. Maana Moshi nayo
iliteremka na jina lake kutoka kilimani,
ikaifuata reli. Moshi ya Kale ingali juu,
na mwenye kuikumbuka hupanda bodaboda,
elfu tatu, akanywe mbege kwa shangazi.
Nikaona tofauti yote ya nchi yangu na yake
ni hiyo nauli.

Nyeusi na kijani nilizikata kwenye majora ya bendera zetu.
Nyeupe, masalio ya gauni la kipaimara.
Nyekundu, bitana ya joho la kwaya.
Sijui kama halmashauri inaruhusu. Sikuuliza.
Mashine haikubadili mlio.

"Fundi," akasema, nilipokuwa nafika kwenye upindo,
"baba husema siku tukirudi tutaigeuza.
Nyeusi ishuke. Kijani kipande."

Nikatoa mguu kwenye pedali.
Bendera, kwa desturi, hupewa kitanzi juu,
na chini mkia wa kamba tu, wa kufungia.
Nikaukata mkia.
Nikashona kitanzi cha pili, saizi ile ile,
nikakirudia mara tatu kwa uzi wa viatu,
nikakivuta kwa meno.

Alilipa elfu kumi na tano. Sikupunguza, naye hakuomba.
Aliikunja ndogo kama leso, akaitia kifuani, si mkobani,
akaenda kuuliza basi la Arusha.

Mlima haukutoka siku ile.
Nikarudi kwenye yangu ya ishirini na sita,
na kabla sijakanyaga
nikakagua mara mbili
rangi gani iende juu.