Rundo Namba Saba

Estelí, mwezi wa Machi, ghala halina dirisha.
Macho hulia kabla hujasalimu:
amonia inachoma kama mkojo wa mbuzi juani.
Auxiliadora Rugama hajifuniki uso.
Miaka ishirini na sita anageuza tumbaku ya biri,
ya chini juu, ya nje ndani,
kila jani lipate zamu yake motoni,
moto usio na kuni, wala kiberiti, wala moshi.

"Nani anaukoka?" nilimuuliza siku ya kwanza.
Akanitazama kama aliyeulizwa nani anakuza kucha.
"Wenyewe," akasema, akaendelea kunyunyiza maji.

Kisha akaja meneja mpya, Evelio Castellón,
viatu vyeupe, daftari, chuki ya vumbi.
Akaamuru mbao zisuguliwe kwa klorini,
kuta zipakwe chokaa, magunia ya zamani yachomwe.
Ghala likanuka hospitali.
Tukapanga rundo namba saba, matita juu ya matita,
tukachomeka kipimajoto hadi moyoni,
tukangoja.

Nyuzi ishirini na saba.
Wiki. Nyuzi ishirini na saba.
Wiki tatu: ishirini na nane,
na hiyo moja ni ya jua la bati.
Majani yalibaki na ukijani wake, machungu, yamenuna,
kama watu waliokalishwa matanga
ya marehemu wasiyemjua.

Evelio akabadilisha kipimajoto.

Usiku wa Alhamisi Auxiliadora aliniambia nishike taa.
Ndani ya aproni alibeba kumbatio la majani ya mwaka juzi,
meusi, yananata,
aliyokuwa amewatandikia kuku wake wanaoatamia
kuwafukuzia utitiri.
Akalifumua rundo hadi kifuani, akayasokomeza humo,
akafunika taratibu
kama mtu avundikaye mkungu wa ndizi.
"Nyumba haina wenyeji," alisema, "nani atapika?"

Hatukuona kitu. Hawaonekani.
Bakteria, kuvu, majina yao yamo vitabuni;
mimi nawajua kwa kazi:
wanakula uchungu, wanapumua joto,
wanakufa kabla ya chai ya saa nne
na vitukuu vyao vinashika palepale walipoachia.

Jumapili, thelathini na nne.
Jumatano, arobaini na tatu,
na ile harufu ikarudi mlangoni, haikubisha hodi.
Tulitokwa machozi, sijui ya furaha au ya amonia.
Kiganja changu juu ya rundo
kilihisi paji la mtoto mwenye homa.
"Kesho alfajiri tunageuza," alisema. "Keshokutwa litaoza."

Kati ya kuvunda na kuvundika
pana silabi moja
na mkono wa mtu anayejua siku.

Lilitoka na rangi ya kahawa ya kuungua, laini, linanukia ngozi na zabibu kavu.
Evelio akaandika ripoti: usafi umeleta matunda.
Akaisoma kwa sauti mbele yetu, tukapiga makofi.

Auxiliadora havuti.
Jioni ile alinawa mikono bombani, haraka, bila sabuni,
kama mtu asiyetaka
kuwafukuza wote.