Tisa na Nusu

Alikuja Aprili, theluji ingali kando ya barabara,
Crisanto Maestas, miaka kumi na tisa,
na pistoni saba za marehemu mjomba wake
amezifunga kwenye taulo la hoteli.
Zina nundu kama mafahali wa maonyesho.
"Kumi na moja kwa moja," akasema.
Ukiitamka haraka husikika moja kwa moja,
kama njia isiyo na kona.

"Ya nane iko wapi?"
Hajui. "Tutanunua."

Sikumjibu. Huwa siwajibu mapema.
Nilipaka grisi mdomo wa chemba, nikabandika kioo,
nikafungua bureti, maji ya buluu yakashuka
tone, tone, mpaka kipovu cha mwisho
kikakata tamaa, kikatoka.
Sitini na nne.
Nikaandika kwa chaki sakafuni, miguuni pake:
tisa za gasketi,
sita za vijishimo vya valvu,
tano ambazo pistoni bapa haifiki juu.
Themanini na nne. Kikombe kidogo cha kahawa.
Na mia nane, mchanganyiko wa hewa na petroli,
ziingie humo, zikunjike, zisubiri cheche.

Shughuli yote iko hapo: kusubiri.
Petroli ya pampu, ile rahisi,
ukiibana sana hujiwasha yenyewe,
hulipuka kabla haijaitwa.

"Lakini hapa Alamosa," akasema, "hewa ni nyepesi."
Kweli. Futi elfu saba na nusu,
injini hupewa sahani nusu na hushukuru.
Hapa kumi na moja husamehewa.
"Na Septemba utakuwa wapi?"
"Galveston. Nimepata kazi bandarini."
"Galveston ni chini, usawa wa bahari.
Joto la kule hulala nawe kitandani.
Mshahara wa kwanza ukichelewa,
utasimama kwenye pampu ipi?"
Akatazama viatu vyake.
Sijawahi kuulizwa swali hilo na mnunuzi yeyote.
Wao huuliza nguvu za farasi.

Ndipo nikapanda ngazi, nikashusha ya nane
toka juu ya kabati, nilikoiweka miaka kumi na minne.
Ina tundu katikati ya nundu;
kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa.
Kidole chake kikapita mpaka pingili ya pili.

Mjomba wako alikuwa anashuka Amarillo, Julai,
kumzika dada yake. Petroli aliyoipata njiani
ndiyo aliyoipata.
Alisikia gololi zikigongana ndani ya kopo,
akaongeza sauti ya redio.
Hayo alinieleza mwenyewe, akicheka, mikono myeusi,
gari likiwa limebebwa juu ya lori.

Na nani alimpa kumi na moja?
Mimi, Ofelia Trujillo, kwa chaki hii hii.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita
na nilipenda jinsi alivyocheka.
Hesabu haikuwa na kosa hata moja.

Crisanto hakusema neno.
Alichukua kitambaa, akafuta sakafuni
ile kumi na moja aliyokuwa ameiandika pembeni
kwa kidole, kwenye vumbi la chuma.
"Zile bapa ni bei gani?"
Nikamtajia. Akaguna. Akalipa nusu.

Oktoba simu ikalia usiku, upepo mwingi ndani yake.
Amevuka daraja la kuingia kisiwani,
magari yamebanana, kipozeo cha hewa kimewashwa,
tangini mafuta ya bei ya chini kabisa,
akakanyaga mpaka mwisho, redio akaizima.
"Ukasikia nini?"
"Hakuna kitu," akasema. "Hakuna kitu kabisa."

Nilikaa na kile hakuna kitu
mpaka chai ikapoa.
Kabati langu lina duara safi juu yake,
mahali ambapo vumbi halijaanza kukaa.