Kabureta Tatu

Barabara za mji wetu ni nyekundu.
Majira ya theluji, mabomba yaliyozikwa katikati ya lami
hutema maji ya kisima kuyeyusha barafu,
na maji yale yana chuma; miaka nenda miaka rudi
yameipaka Tokamachi rangi ya kutu.
Katika mji kama huu
Kenkichi, mume wangu, ameamua kupigana na kutu.

Gari ni Fairlady ya mwaka sabini na mbili,
boneti ndefu kama maneno ya mshenga,
viti viwili tu; wajukuu hawana pa kukaa.
Aliikuta kwenye banda la mzee Onozuka,
kuku wametaga kwenye kiti cha dereva.
Alilipa kwa pesa za paa letu jipya.
Haya, nikamwambia, theluji ikituangukia tutalala humo.

Mwaka wa sita huu.
Vizingiti vya milango vilionekana vizima;
akavigonga kwa bisibisi, ikazama hadi mpini.
Kikulacho ki bodini mwako, nikasema.
Hakucheka. Alikuwa amepiga magoti,
anachota kutu kwa kiganja
kama mtu aokotaye mbegu zilizomwagika.

Raba za madirisha zimelowekwa kwenye beseni langu la kuogea.
Kwa ajili ya taa moja ya nyuma alikwenda hadi Sendai,
akarudi amekumbatia kisanduku, hajala, anang'aa.

Mimi nilikuwa mkunga miaka thelathini na minane.
Nilirudi alfajiri nikinuka dawa,
yeye akitoka kwenda kwenye mitambo ya kufuma hariri,
tukapishana mlangoni kama wapangaji.

Mwezi wa nne, injini iliwaka.
Iliwaka vibaya: ikakohoa, ikatetemeka, ikazima.
Kabureta ni tatu, na sharti zivute pumzi sawa.
Fundi hushika mpira mwembamba, ncha moja sikioni,
nyingine kwenye koo la kabureta,
akasikiliza mluzi wa kila moja,
akakaza skrubu, akalegeza.
Kenkichi alisikiliza ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.
Akarudia ya kwanza.
Kisha akabaki na mpira mkononi
akiutazama ukuta wa spana.

Nilijua kabla yake.
Televisheni imepanda namba moja kila mwaka,
na kengele ya mlango naiitikia peke yangu.
Ile hariri ilifumwa kwa kelele,
na kelele ikachukua ujira wake.

Sikusema neno. Nilivua aproni,
nikaupokea mpira, nikainama.
Ya kwanza: mluzi mwembamba, wa mtu anayepuliza chai.
Ya pili vivyo hivyo.
Ya tatu ilikuwa na pumzi fupi,
pumzi niliyoizoea saa tisa za usiku,
ile inayomfanya mkunga anyanyue mkono
chumba kizima kinyamaze.
Nikanyanyua mkono.
Robo, nikamwonyesha kwa vidole. Akazungusha robo.
Zaidi kidogo.
Rudi.
Rudi hapo hapo.

Injini ikatulia, nikahisi kutulia kwake
kwenye meno kabla ya masikio.
Yeye hakusikia. Alipapasa mfukoni, akatoa sarafu ya yeni kumi,
akaisimamisha kwa ukingo juu ya kifuniko cha vali.
Ikayumba.
Ikasimama.
Aliitazama ile shaba ndogo iliyosimama juu ya moto
mpaka nikadhani amenisahau.

"Mzima?" akauliza, kwa sauti kubwa mno,
sauti ya wanaume wa kule koridoni
walioshika kofia zao kwa mikono miwili.

Nikamkaribia sikio la kushoto, lililo bora,
nikamwambia breki ya mkono bado haishiki,
na ukaguzi ni Jumanne.