Nyuma ya Kalenda

Tuliigeuza kalenda ya duka la mbolea, ya mwaka uliokwisha,
tukaitandaza juu ya meza ya Oloo,
Kondele, chumba cha nyuma, ambako simu zilizokufa
hulala ndani ya makopo ya mafuta ya kupikia.
Watu saba, kompyuta nne,
na moja haina kibonyezo cha R.

Ogweno alitaka tuanze na seva.
Ogweno hata ugali angeanza kuusonga kabla ya kuteka maji.
Zamzam wa Kibos akasema, hapana, kwanza mzizi.
Ndipo Nyaboke, mshona sare za shule, akauliza
mzizi ni nani, na amepewa na nani
uwezo wa kubomoa nyumba nzima kwa mstari mmoja.

Tukanyamaza. Mvua ikaanza kupiga bati,
na sote tukajifanya tunaisikiliza.

Nilikuwa nimeandika: *Wiki ya kwanza, historia ya Linux.*
Nikafuta kwa kifutio mpaka karatasi ikaota manyoya.
Nikaandika: *Wiki ya kwanza, swali la Nyaboke.*

Kutoka hapo mshale hadi ruhusa:
nani asome, nani aandike, nani atende.
Khayesi akacheka. Kwao Mbale, alisema,
boma la baba yake lina sheria hizo hizo,
na shangazi amepewa kusoma tu.
Mshale wa pili ulipinda kukwepa duara la kikombe cha chai,
ukafika kwenye neno MTANDAO,
na pembeni, kwa wino mwekundu: *bando atalipa nani?*
Hakuna aliyejibu. Mpaka leo.

Stima ikapotea saa kumi na mbili na robo.
Tukaimulika kalenda kwa simu,
na gizani Oloo akasema, taratibu, kama anayekaza skrubu:
Ile isiyo na R wapewe wanaoanza.
Amri ya kufuta haiandikiki humo.
Waacheni waguse kila kitu.

Nyaboke akavua utepe shingoni,
akaipima njia yetu, kona zake zote.
Sentimita sitini na mbili, alisema.
Gauni la mtoto wa darasa la tatu.
Hilo mimi hushona kwa siku moja.

Nikaandika chini kabisa: *miezi tisa.*
Akaitazama, akaniachia.