Nyota Tatu na Nusu

Mhariri hunipa maneno mia tatu,
nyota zisizozidi tano,
na kona ya ukurasa wa kumi na tisa, chini ya tangazo la magodoro.
Valdivia mvua imeshika tangu Mei,
inagonga bati kama mlevi aliyepoteza ufunguo,
na mimi, Eliana, miaka hamsini na minane, miwani ya kamba shingoni,
nasoma mapenzi ya watoto wa miaka kumi na sita.
Ndiyo kazi. Inanunua kuni.

Wiki hii yupo msichana,
yupo mvulana mgeni mwenye kovu kwenye nyusi
(daima nyusi; sijapata kuona kovu la mahaba likakaa gotini),
yupo mwalimu wa kemia aliyekutwa akielea kwenye bwawa la shule,
na barua isiyo na sahihi ndani ya kiatu cha mpira.
Ukurasa wa arobaini nikamjua muuaji:
ni yule mpole, aliyepeleka keki msibani.
Nikaandika pembeni, nikajipenda kwa kuandika:
"Mwandishi ameficha sindano, uzi ameuacha nje."
Busu la kwanza nikalipita mbio,
kama mtu anayepita mlango wa anayemdai.
Nyota mbili. Nikaenda kuchemsha maji.

Ijumaa Rayén akakiazima.
Binti wa ghorofa ya chini; mama yake anapasua samaki soko la mtoni,
pale simba-bahari wanapogombea vichwa.
Vitabu vyangu hurudi vikinuka moshi na magamba.
Hiki kilirudi kesho yake usiku.
"Umemjua muuaji?" nikamuuliza,
kwa ile sauti ya mwalimu mwenye jibu mfukoni.
"Ukurasa wa thelathini na moja," akasema, akivua buti.
"Sasa uliendelea kwa nini?"
Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hula tena kesho.
"Nilitaka kuona watakaaje naye mezani, wakishajua."

Alipoondoka nikakifungua kwa mwanga wa jikoni,
nikazifuata alama zake kama mpelelezi wa kulipwa.
Kwenye busu, hakuna kitu.
Kwenye bwawa, alama ya kuuliza, na: "Mtu haelei upesi hivi."
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, mistari mitatu,
penseli imekandamizwa hadi karatasi ikakaribia kutoboka.
Ukurasa nilioruka.
Hapana tukio. Baba amerudi kutoka safari, anasaidia kukausha vyombo,
anashika bakuli, anazunguka nalo, kitambaa begani:
"Hili linakaa wapi?"
Basi. Sura inaendelea.

Nilikaa. Chai ikapoa.
Baba yake Rayén anachimba shaba Calama, jangwani,
siku ishirini kule, kumi hapa,
na sakafu za nyumba hizi za mbao hazijui kutunza siri:
nimewahi kumsikia huko chini,
kabati likifunguliwa, likifungwa,
jingine likifunguliwa.
Sikuwahi kujiuliza alikuwa anatafuta nini.

Nikafuta sindano. Nikafuta uzi
(ulikuwa mzuri ule uzi, uliniuma).
Nikaandika kwamba msuko ni mwepesi kama supu ya mgonjwa,
na kwamba yupo humu mtu mmoja, bakuli mkononi,
ambaye sitamsahau upesi.
Nyota tatu na nusu.
Mhariri akapiga simu: "Mashine haina nusu, Eliana."
Zikatoka tatu. Rayén alinuna; alitaka nne,
na akasema neno "msuko" linanizeesha.

Jumatatu kimeletwa kifurushi kingine, kimelowa pembe.
Msichana. Mvulana mgeni. Dada aliyetoweka kwenye feri.
Ukurasa wa tisa mvulana anakunja suruali avuke kijito:
kovu, gotini.
Nikavuta kiti karibu na jiko.